Nani Atalala Kaburini Mwako

Nilifika Ifakara nikiwa na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki kwenye tope la mto Ruaha. Wapagazi niliofuatana nao kutoka Kilosa walikataa kurudi kukitafuta. Walisema mto ukikuchukulia kiatu umekuhurumia, maana wengine uliwachukulia mguu, na mwenye mguu akaufuata.

Kwetu ni Mombasa, upande wa Mwingereza. Chuo cha Kurani niliishia njiani. Shule ya misheni niliikimbia kabla ya kumaliza kitabu cha pili, si kwa ubaya wowote, ila nilisikia gari moshi limefika Voi nikataka kulitazama. Nikalitazama, nikalipanda, na tangu hapo sikukaa mahali nikaona matunda ya mti niliokuta unachanua. Tanga niliosha vyombo nyumbani kwa Wadachi, ndio Wajerumani, nikajifunza Kidachi cha jikoni: majina ya sufuria, na maneno ya kumwambia mtu aliyeangusha sufuria. Mjini humo ndiko nilikosikia kwamba kuna Mdachi anapima njia ya reli kuingia bonde la Kilombero, na anatafuta karani atakayemfasiria. Nchi ile sikuijua hata kwa jina. Hiyo ilinitosha kuwa sababu ya kwenda.

Ofisi ilikuwa banda refu la miti na udongo, limeezekwa nyasi, juu ya kichuguu kikubwa kilichosawazishwa. Masika mto hufurika ukatambaa mpaka milangoni mwa watu, kwa hiyo kichuguu kilikuwa chaguo la busara, ila mchwa wenyewe walikuwa hawajahama. Walikula miguu ya meza polepole na kwa utaratibu, na kadiri siku zilivyokwenda bwana mpima alizidi kuinama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani na ndevu za rangi ya gunzi la muhindi, mkimya, na mwenye haki kwa kadiri alivyoona. Kazi yake ilikuwa kupigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kutoka huku mpaka kule, na kazi ya bonde zima, ilivyoonekana, ilikuwa kuving'oa. Tembo waling'oa kwa kupita tu. Watu waling'oa kwa sababu kigingi kizuri hufunga mbuzi vizuri. Nilipita Sanje siku moja nikasalimiwa na mbuzi wengi waliofungwa kwenye reli ya Kaisari.

Asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na matusi.

"Mtumwa wangu! Kuni ziko wapi?"

Aliyepaza sauti alikuwa mpishi wa bwana mpima, Mngoni, mtu wa makamo, mpana kama mlango. Niliketi kitandani ghafla. Kwetu pwani neno hilo halikuwa la mchezo. Bado walikuwapo watu mtaani mwetu waliolibeba maisha yao yote, na ukilitamka karibu nao ulijua umefanya nini.

Aliyeitwa alikuwa tarishi wa ofisi, Mpogoro mwembamba mwenye macho ya kucheka. Alikuja na mzigo wa kuni, akautupa mlangoni pa jiko.

"Kuni hizi hapa. Ila mwambie karani mgeni babu yako alivyoingia nchi hii. Ngao aliivaa mgongoni!"

"Kwa nini mgongoni?" nikauliza kutoka dirishani, maana sijawahi kuliacha swali lipite.

"Mikuki ilikuwa inatoka nyuma."

"Na babu yake huyu," mpishi akanigeukia, "alimwona babu yangu akipita. Alimwonea juu ya mti. Hawajashuka mpaka leo. Mtazame vidole vya miguu!"

Nilingoja mtu avunjwe pua. Badala yake mpishi akamega kiporo cha ugali, akampa tarishi kipande kikubwa, naye tarishi akala huku akiendelea kumtukana.

Ikawa hivyo kila siku. Tarishi alichukua kofia ya mpishi akaivaa mpaka Mngeta na kurudi. Mpishi alikamata kuku wa tarishi akamchinja mbele yake, akampelekea mke wa tarishi paja, na mke akashukuru. Hakuna aliyenuna. Mimi nilikuwa nikijifunza mambo mengine ya ofisi: kwamba kazi huanza chuma kinapogongwa, si jua linapochomoza, kwamba kila Jumamosi tunapanga mstari kumeza kinini, dawa ya homa, mbele ya bwana mpima, naye hutazama koo la kila mmoja kuhakikisha imeshuka, kwamba ukienda mtoni kuchota maji unapiga kelele kwanza, ili viboko wajue ni wewe na si adui. Lakini hili la mpishi na tarishi lilinikaa kichwani kuliko yote. Nikamkabili tarishi siku tuliyokuwa tukichonga vigingi vipya.

"Unamvumiliaje yule mzee?"

"Yupi? Mpishi? Simvumilii. Ni mtani wangu."

"Rafiki yako, unataka kusema."

"Rafiki ukimtukana mama yake anakasirika." Akapuliza makapi ya mti. "Wangoni walikuja na vita enzi za babu zetu. Wakatuua, tukawaua. Mikono ilipochoka tukaacha mikuki tukabaki na midomo. Sasa yeye anaweza kuchukua kuku wangu, mimi naweza kuchukua kofia yake, na hakuna baraza la kwenda kushtakiana. Na nikifa, yeye ndiye atakayenizika."

"Si ndugu zako?"

"Ndugu watakuwa wanalia. Mtu anayelia hachimbi kaburi vizuri." Akanitazama. "Na wewe mtani wako nani?"

"Hapa? Sina."

Alinitazama kama mtu aliyenikuta sokoni bila nguo. "Sasa ukifa hapa, nani atalala kaburini mwako?"

"Si mimi mwenyewe?"

"Kabla yako!"

Akacheka mpaka shoka likamponyoka, kisha akaenda kumsimulia mpishi. Jioni hiyo sahani yangu ililetwa na chakula kidogo kuliko desturi. Mpishi alisema mtu asiye na mtani anaweza kufa wakati wowote, si vizuri kupoteza wali.

Inafaa niseme kwamba kicheko hicho hakikuwa cha watu waliosahau. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita miaka michache tu. Ukitoka Ifakara kuelekea Chita ulikuta mashamba yaliyorudi kuwa pori, swala wa bondeni waitwao sheshe wakila majani mahali palipokuwa na nyumba, na chungu kizima kimekaa juu ya mafiga bila mwenyewe. Baba yake tarishi, mzee aliyechechemea kwa risasi iliyobaki pajani, alikuwa amezika wana wawili katika njaa iliyofuata vita. Hata hayo watani waliyachezea, kwa sauti ya chini bwana mpima asisikie. Mpishi alisema Wapogoro walianza vita kabla watu hawajamaliza kula. Tarishi alimjibu kwamba Wangoni walimaliza kula, wakanawa, wakalala kidogo, ndipo wakaja. Walicheka, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Yule mzee, baba yake tarishi, alikufa wakati mpunga unaanza kuinamisha vichwa. Alikuwa amekuja kuishi kwa mwanawe kwa sababu ya mguu, akapata homa, haikumwacha. Tarishi alikuja ofisini asubuhi kuomba ruhusa. Nikafasiri. Bwana mpima alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ambayo Kidachi changu cha jikoni hakikuwa nayo, ila niliyaelewa.

"Mwambie nitakuja mazikoni," akaniambia.

Nilimwambia. Tarishi alishukuru, lakini nikaona macho yake yamehangaika kidogo. Mpishi alikuwa keshatoweka jikoni tangu alfajiri, alikuwa anachimba.

Bwana mpima alikuja alasiri, na alikuja kwa heshima zote. Alivaa koti jeusi zito lililonuka kafuri, akalifunga vifungo mpaka kooni katika joto ambalo hata mbwa walikuwa wamejilaza matopeni. Mkononi alishika maua aliyoyakata mwenyewe kwenye bustani yake ndogo mbele ya ofisi, maua ambayo hakuruhusu mtu kuyagusa. Nyuma yake alifuata askari mmoja wa boma, Mmanyema, kwa sababu tangu vita Mdachi hakwenda penye watu wengi bila bunduki.

Nilitembea pembeni yake nikijua kitu kimoja tu: kwamba sijui tutakuta nini.

Tulikuta watu wamelizunguka kaburi, wanawake wakilia, maiti imefungwa mkekani, na ndani ya kaburi, chali, mikono chini ya kichwa, amelala mpishi wa bwana mpima. Alikuwa anakoroma.

"Ondokeni na huyo mzee!" akasema bila kufumbua macho. "Hapa pana mtu. Nyumba nzuri kama hii apewe Mpogoro aliyezoea kulala juu ya mti?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akilia alicheka katikati ya kilio, akaendelea kulia. Mpishi akaruka nje, akajifunga shuka ya marehemu, akachukua fimbo yake akaanza kutembea kwa kuchechemea kama yeye hasa, huku akiomba ugoro kwa sauti ya kukwaruza ya mzee yule, na akipewa, analalamika kwamba mdogo. Alikuwa yeye kabisa. Niliona tarishi amefunika uso kwa viganja na mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua ni kilio au kicheko; nadhani hata yeye hakujua.

Bwana mpima alijua. Aliona mfiwa analia, na mpishi wake mwenyewe, tena amelewa bila shaka, anamdhihaki maiti. Uso wake ukawa mwekundu kuliko vigingi.

"Mkamate," akamwambia askari.

Yule Mmanyema hakuwa wa nchi ile, na amri ni amri. Alimshika mpishi shingoni. Wangoni wengine wawili waliokuwa wakisaidia kuchimba waliona bunduki, wakaingia katika mpunga, na mpunga ukafunga nyuma yao. Bwana mpima akaweka maua yake kando ya mkeka kwa upole, akampa tarishi mkono, akaniambia nimfasirie: "Mwambie hatasumbuliwa tena. Mtu huyu nitamfungia ghalani, kesho anapelekwa boma la Mahenge, atapata hamsa ishirini zake."

Viboko ishirini na tano. Nilifasiri. Sikuwahi kuona mtu akishukuriwa hivyo kwa wema: kimya kilianguka, hata wanawake waliacha kulia. Bwana mpima alidhani ni heshima. Akaondoka na askari na mfungwa wake.

Tarishi alikuja akasimama mbele yangu. Macho ya kucheka hayakuwapo.

"Baba yangu hazikwi," akasema.

"Kaburi lipo, watu wapo..."

"Nani atamshusha? Mimi? Nimtupe baba yangu shimoni kwa mikono yangu kama watu walivyotupwa mwaka wa vita, bila mtani, bila neno?" Sauti yake ilipasuka. "Ndugu zangu wale wawili hawakupata wa kuwachekea. Mzee aliniambia: mimi usinizike hivyo. Jua halifai kuzama naye yuko juu ya ardhi, karani. Na joto hili."

Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Huyu mgeni ndiye mdomo wa Mzungu. Aende."

"Nikamwambie nini?"

"Sisi tungejua, tungekwenda wenyewe."

Nikaenda. Njiani nilitunga hotuba nzuri tatu, na nilipofika kibarazani zote tatu zilikuwa zimekimbilia mpungani na wale Wangoni. Bwana mpima alikuwa ameketi, koti bado limefungwa mpaka kooni, jasho likimchuruzika ndevuni. Kutoka ghalani mpishi alisikika akimshauri askari jinsi ya kupika maharage.

"Bwana," nikasema, "yule hakufanya ubaya. Ile ndiyo adabu yao."

"Kulala kaburini ni adabu?"

"Ndiyo, bwana."

"Kumcheka maiti mbele ya mwanawe?"

"Ndiyo, bwana. Asipochekwa ni vibaya."

"Nenda kapumzike, karani. Jua limekupiga."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa milima ya Udzungwa. Nilisimama pale nikitazama sahani yake ya kauri mezani, yenye ua la buluu, na Tanga ikanirudia yote kwa mara moja.

"Bwana, kwenu, mtu akitaka kuoa, jioni ya kuamkia harusi, ni akina nani wanaokuja kuvunja sahani mlangoni?"

Akaniangalia. "Wewe hayo umeyajulia wapi?"

"Tanga. Nilikuwa naosha vyombo. Walikuja Wadachi watu wazima, wenye heshima zao, wakapiga mlango wa bi harusi kwa masahani na mabakuli mpaka ukumbi ukajaa vigae. Mimi nilijificha chini ya meza, nikadhani vita vimeanza. Kisha nikaona bi harusi anacheka. Na anafagia."

Akaitazama ile sahani ya ua la buluu.

"Kama siku ile mimi ningekuwa na askari," nikasema, "ningewakamata wote."

Bwana mpima alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa jasho tupu na kitambaa kilikuwa jasho tupu. Mdomo ukamchezacheza chini ya ndevu.

"Harusi ya dada yangu," akasema, "mjomba wetu alileta chungu cha kukojolea. Kikubwa. Cha ukoo." Akarudisha miwani. "Dada alifagia, na mama yangu akasema, sasa ndoa itadumu." Akakaa kidogo. "Lakini ile ni harusi."

"Harusini hata mbwa anajua kucheka, bwana. Kazi ni kumchekesha mfiwa. Na jua linazama."

Akainuka, akachukua funguo mwenyewe.

Tuliporudi makaburini, mpishi akiwa mbele bila kamba, watu walitupisha. Nilidhani shughuli sasa itakwenda haraka. Sikuwajua watani. Mpishi alishuka kaburini, akaketi chini, akafunga mikono.

"Sitoki," akasema.

"Anasema nini?" bwana mpima akaniuliza.

"Anasema hatoki, bwana."

"Kwa nini?"

Mpishi alijibu mwenyewe, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mtani akifungiwa ghalani na panya, hatoki kaburini bure. Aliyenifunga anitoe. Nataka lile koti."

Askari aliangalia miguu yake. Tarishi aliniangalia mimi, na niliona maisha ya mpishi na maziko ya baba yake vimewekwa juu ya ulimi wangu. Ningeweza kufasiri jambo lingine. Nikafasiri lile lile.

Bwana mpima alisimama wima kama kigingi. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja kutoka kooni, akalivua, akainama ukingoni akalishusha. Shati ndani lilikuwa limelowa chapachapa.

"Mwambie," akasema, "na afagie."

Nilipolifasiri hilo, na kulieleza, kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika ng'ambo ya mto. Mpishi alivaa koti, likambana mabega likaacha tumbo nje, akampokea mzee mikononi kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, akamlaza. Ndipo nikamwona analia. Alilia huku akimwambia maiti asogee kidogo, asibane ukuta, kaburi zuri namna hii amchimbie nani mwingine. Akatupia udongo wa kwanza. Tarishi akasimama wima, akavuta pumzi ndefu, akatupia wa pili. Jua lilikuwa bado limeshika vilele vya milima.

Reli haikuja. Vigingi viliendelea kufunga mbuzi, na mpaka leo ninapoandika, mtu wa Ifakara akitaka gari moshi huenda kwa miguu kwanza. Mimi nilikuwa nimepanga kuondoka mto utakapopungua. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu kila mahali. Asubuhi baada ya maziko nilikwenda ofisini nikakuta kiti changu hakipo. Nikakitafuta mpaka jikoni. Mpishi alikuwa amekikalia, amevaa koti jeusi mbele ya moto, na tarishi amechuchumaa pembeni yake.

"Tumekaa baraza juu yako," tarishi akasema. "Huwezi kuendelea hivi."

"Huyu kwao ni mbali," mpishi akasema, "hatukupata vita vya babu zetu. Tumetunga. Babu yangu alifika Mombasa, akamkuta babu yako anaogopa mbuzi."

"Babu yangu alikuwa anafuga mbuzi," nikasema.

"Kwa mbali!"

Nilitazama kiti changu chini ya mtu yule mpana, nikatazama tumbo lililotoka kati ya vifungo vya Mdachi. Neno lile lilinijia kinywani, lile zito la kwetu. Nililizungusha kidogo ulimini, nikaona limepoteza uzito njiani, mahali fulani kati ya Tanga na mto Ruaha, pengine pamoja na kiatu.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "inuka. Na ulete chai."

Mpishi akageuka kwa tarishi, amefurahi kama mtu aliyeletewa mtoto. "Umemsikia? Huyu nitamzika mimi mwenyewe!"

Chai ililetwa. Ilikuwa na chumvi.